Kabla Hujamwita Mchoraji: Ya Kufanya na Kutofanya Unapotafuta Wazo la Kitabu cha Picha

Maagizo haya ni ya watu wazima wanaotaka kuwaandikia watoto ambao hawajajua kusoma, au ndio kwanza wanaunganisha silabi. Anayeandikia darasa la sita atafute msaada kwingine. Kitabu cha picha kina wasomaji wawili kwa wakati mmoja: mkubwa anayesoma kwa sauti na mdogo anayetazama. Kati yao mkali ni mdogo. Mkubwa atavumilia kwa adabu mpaka ukurasa wa mwisho. Mdogo akichoka anateremka mapajani na kwenda zake, na hakuna mwandishi aliyewahi kumrudisha kwa maneno matamu.

Nazungumzia wazo tu. Lugha ina matatizo yake, michoro ina yake. Lakini vitabu vingi vibovu vya watoto havikuharibikia kwenye lugha wala kwenye rangi. Viliharibika mapema zaidi, siku mwandishi alipokaa mezani na kujiuliza swali baya.

Usianze na funzo

Swali lenyewe ni hili: "Niwafundishe nini watoto?" Ukianzia hapo utatafuta mtoto mkaidi, utampa mama mwenye maonyo, utampeleka mtoni alikokatazwa, ataumia kiasi, ataomba radhi, na ukurasa wa mwisho utatangaza kwa herufi nene kwamba watoto wawatii wazazi wao. Mtoto wa miaka mitano ameujua mwisho huo tangu kwenye jalada.

Tabia hii ina chimbuko, na si uvivu peke yake. Kwa muda mrefu mnunuzi mkubwa wa vitabu vya watoto hapa kwetu hakuwa mzazi aliyeingia dukani. Alikuwa shule, na nyuma ya shule alisimama mfadhili. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, uliwasaidia wachapishaji kwa kununua nakala na kuzipeleka shuleni. Bila mpango ule rafu ya vitabu vya watoto vya Kiswahili ingekuwa nyembamba kuliko ilivyo, na anayeubeza hakuwahi kuuza kitabu. Ila fedha za aina hiyo, zitoke popote zitokapo, hupenda kitabu kinachoelezeka kwa neno moja kwenye ripoti: malaria, usafi, mazingira, haki za mtoto. Waandishi wakazoea kuanza na ripoti na kurudi nyuma mpaka kwenye hadithi.

Ukipewa kazi ya kuandika kuhusu kunawa mikono, ipokee. Kodi ya nyumba hailipwi kwa msimamo. Lakini usianze na vijidudu. Anza na msichana aliyepakwa hina kwa ajili ya harusi ya dada yake, naye ameamini kabisa kwamba maji yataifuta. Hataki kunawa. Anakula pilau kwa kijiko huku binamu zake wakimcheka. Anafungua milango kwa kiwiko. Analala mikono ikiwa juu ya mto. Kisha anateleza uani, penye matope, viganja vyote viwili chini. Kila ukurasa una mikono, na kila mikono ina jambo. Atakaponawa, matope yatatoka na hina itabaki. Mfadhili amepata kunawa kwake, na mtoto amepata kitabu.

Kipimo chake: ng'oa ukurasa wa mwisho wa hadithi yako. Kama kilichobaki hakimfurahishi mtu, tupa chote.

Tafuta kitu cha kuonekana

Upendo, umoja na uvumilivu si mawazo ya kitabu cha picha. Hakuna mchoraji anayeweza kuchora uvumilivu. Anaweza kuchora ndoo zilizopanga foleni mbele ya bomba lisilotoa maji, na mtoto aliyeachwa alinde ile ya kijani.

Eric Carle, mchoraji wa Marekani, alikuwa akitoboa rundo la karatasi kwa kile kifaa cha ofisini cha kutobolea. Alipoyatazama matundu akamfikiria mdudu anayekula kitabu. Mdudu wake wa kwanza alikuwa mnyoo aliyeitwa Willi. Mhariri wake, Ann Beneduce, hakumpenda mnyoo (na nani angempenda?), wakajadiliana mpaka wakamfikia kiwavi, na kiwavi akamleta kipepeo bila kuitwa. Kitabu kikatoka mwaka 1969 na hakijaacha kuchapwa. Angalia mfuatano: matundu yalikuja kwanza, mdudu akafuata, maana ikaja mwisho kabisa na kwa miguu yake yenyewe. Hakuna aliyeamka asubuhi akasema leo ataandika kuhusu ukuaji.

Kisa hicho kina upande wa pili, nao unatuhusu zaidi. Matundu yale, pamoja na kurasa za vipimo tofauti zilizomo kitabuni, vilikuwa ghali mno kutengenezwa Marekani, ikabidi kazi ipelekwe kuchapwa Japani. Wewe huna Japani. Ukileta wazo linalotegemea matundu, maandishi ya dhahabu au nyumba inayosimama ukurasa ukifunguliwa, mchapishaji wa Dar es Salaam au Nairobi atakupa chai na kukusindikiza mlangoni.

Basi uhaba ndio ukupe wazo. Umeme umekatika. Kurasa ni nyeusi, na mwanga wa njano wa koroboi unakua na kupungua kila anapopita mtu. Kivuli cha babu ni kikubwa kuliko nyumba. Kaka anatengeneza mbwa kwa vidole, dada anatengeneza ndege, na mdogo wao anatafuta umbo lake ambalo hakuna aliyewahi kulitengeneza. Wino wa rangi mbili unatosha, na usiku wa namna hiyo unajulikana Kigoma mpaka Mombasa.

Kunja karatasi kabla hujaandika sentensi

Kitabu cha picha cha kawaida duniani kina kurasa 32. Sababu ni ya kiwandani: karatasi kubwa huchapwa pande zote mbili, ikakunjwa, ikakatwa, na kurasa hutoka kwa mafungu ya 8 au 16. Ondoa ukurasa wa jina la kitabu na ule wa haki za mwandishi, unabaki na nafasi kama kumi na mbili hadi kumi na nne za kurasa mbili zinazotazamana. Vijitabu vyetu vingi vya kubanwa kwa pini ni vifupi kuliko hapo, kwa hiyo nafasi ni chache zaidi.

Chukua karatasi nane za A4, zipange pamoja, zikunje katikati. Una kurasa 32 mkononi. Chora humo watu wa vijiti, vibaya upendavyo, ukurasa kwa ukurasa, bila neno hata moja. Ukikuta kwamba mara tatu mfululizo umechora watu wawili wakizungumza chini ya mwembe, ulichonacho ni mchezo wa redio. Mpelekee mtu wa redio.

Kisha chunguza kule kufungua ukurasa. Hadithi ya mdomo haina kitu hicho, wala filamu. Ni mali ya kitabu peke yake, tena mkono unaofungua mara nyingi ni wa mtoto mwenyewe. Ukurasa wa kulia uache jambo linaning'inia. Basi la Tanga limesimama, kwenye buti kuna mfuko wa sandarusi unaotikisika, konda ananyoosha mkono. Fungua. Wazo lisilo na chochote cha kuficha nyuma ya ukurasa bado halijaiva.

Hesabu maneno kama unayalipia

Kitabu cha Maurice Sendak kuhusu mvulana Max na majitu yake, kilichotoka Marekani mwaka 1963, kina maneno 338 tu. Katikati, pale vurugu inapofika kileleni, kuna kurasa sita ambazo hazina neno. Dr. Seuss, mwandishi mwingine wa huko, aliandika kitabu kizima cha mwaka 1960 kwa maneno 50 tofauti, kwa sababu mchapishaji wake, Bennett Cerf, alimwekea dau kwamba hawezi.

Ningependa uangalie majitu ya Sendak yalikotoka. Awali kitabu kilikuwa cha farasi wa mwituni. Sendak akagundua kwamba hawezi kuchora farasi. Akaacha farasi, akachora majitu yaliyotoka kichwani mwake, na kuhusu majitu hakuna mtu anayeweza kukwambia umekosea. Wazo lililoshindikana lisikulize. Lisukume pembeni uone kilichokuwa kimejificha nyuma yake.

Piga magoti

Hili si fumbo. Piga magoti sakafuni, mahali halisi, utazame. Mtoto wa miaka minne ana urefu wa kama mita moja, na dunia ya urefu huo hujaiona tangu ulipoiacha.

Ndani ya daladala haoni barabara. Anaona magoti, mikoba, kuku aliyefungwa miguu chini ya siti, na sarafu zinazogonganishwa kiganjani mwa konda. Sokoni anaona uvungu wa meza, ambako kuna paka, nyanya zilizoanguka na miguu ya mama lishe iliyochoka. Aliyebebwa mgongoni kwa kanga anaitazama dunia upande upande, kutokea nyuma ya bega, na sauti ya mama haimfikii kwa masikio tu, inamfikia kwa kifua. Msibani hamwoni marehemu wala hasikii hotuba. Anaona viatu mlangoni: kandambili, viatu vya ngozi vilivyoliwa kisigino, sendozi za dhahabu za shangazi wa mjini, buti la mtu ambaye hakuna anayejua ni nani. Mpe mtoto kazi ya kuvichunga viatu hivyo, umeshapata kitabu kuhusu kifo ambacho hakitaji kifo mpaka ukurasa wa ishirini.

Tololwa Mollel, mwandishi mzaliwa wa Arusha, aliandika mwaka 1999 kitabu kiitwacho My Rows and Piles of Coins, kilichochorwa na E. B. Lewis. Ni Tanzania ya miaka ya 1960. Mvulana Saruni humsaidia mama yake siku za soko, hupewa sarafu, huzificha, na huzitoa na kuzipanga kwa safu na mirundo. Anataka baiskeli ili mama apumzike kubeba mizigo. Mtu wa benki ataona hapo somo la kuweka akiba. Mtoto haweki akiba. Anapanga sarafu sakafuni, anazihesabu, anazipanga upya, na mirundo inakataa kukua haraka kama anavyotaka. Wazo la kitabu liko hapo sakafuni, na jina la kitabu limelichukua hapohapo. Wengi wetu tungekiita "Saruni Mtoto Mwema", na tungekiua.

Mpe Sungura likizo

Amemshinda Fisi mara nyingi mno, kiasi kwamba Fisi mwenyewe hashangai tena. Ukiandika Sungura mjanja na Fisi mlafi unashindana na kila bibi aliyewahi kusema "paukwa" akaitikiwa, nawe huna sauti yake wala giza la jikoni kwake. Tena ngano ya mdomo haikuhitaji picha kamwe, msikilizaji alijichorea. Ukiihamishia kwenye karatasi ilivyo, picha inarudia maneno, maneno yanarudia picha, na mtoto anafanyiwa kazi aliyokuwa akiifurahia.

Hazina ipo, sikatai. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari Mwingereza, alichapisha London hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja, na humo wamo paa wa Sultani Darai na punda wa dobi. Ukitaka kuchukua kwenye hazina, chukua kwa jicho. Mollel huyohuyo, katika The Orphan Boy cha mwaka 1990, alichukua simulizi ya Wamaasai kuhusu Kileken, ile nyota tunayoiita Zuhura. Mzee asiye na mtoto anaangalia juu usiku, na nyota moja haipo. Kisha mvulana anatokea. Hapo hata asiyejua kusoma anaweza kuunganisha mambo mawili mwenyewe, kabla ya mzee, na hakuna raha kubwa kwa mtoto kama kumtangulia mtu mzima. Michoro ya Paul Morin katika kitabu hicho ilipata Tuzo ya Gavana Mkuu nchini Kanada.

Usiandike mahali usipopajua, na usiuze mahali unapopajua

Sehemu ya kwanza ya agizo hili kila mtu anaikubali: acheni theluji, majumba ya kifalme yenye minara, na watoto wa Singida wanaokula keki ya karoti saa kumi. Sehemu ya pili inakera watu. Mbuyu wakati jua linazama, nyumba ya msonge, mtungi kichwani, ngoma nyuma ya kila ukurasa: hiyo ni Afrika ya kadi ya posta, iliyotengenezwa ili mgeni ainunue. Mtoto wa Mbagala anakaa chini ya bati na nyaya. Kuna bajaji mlangoni, kuna duka la Mangi lenye nondo dirishani, kuna jirani anayefuga bata bafuni. Yote hayo yanachorwa.

Hili linagusa pia vitabu vya kuhesabu. Mwaka 1971 Muriel Feelings, Mmarekani Mweusi aliyewahi kufundisha Uganda, na mumewe mchoraji Tom Feelings walitoa Moja Means One. Kitabu kilikuwa na sababu nzito: mtoto wa Brooklyn alikuwa anakutana na Kiswahili na Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza. Mtoto wa Morogoro hana mshangao huo, moja mpaka kumi amezisikia tangu akiwa mgongoni. Kwake kitabu cha kuhesabu kihesabu kitu ambacho watu wanakihesabu kweli, kwa sababu. Rudi kwenye foleni ya ndoo, bomba sasa limeanza kutoa maji. Ziko kumi mbele ya ile ya kijani. Tisa. Nane. Mtu anaruka foleni: tisa tena. Jua linapanda, maji yanapungua nguvu. Hesabu hiyo ina hofu ndani yake, na mtoto ataihesabu kwa kidole bila kuambiwa.

Usimuulize mtoto anapenda hadithi gani

Atakwambia simba, kwa sababu anajua ndicho unachotaka kusikia. Sikiliza badala yake anachogombania na wenzake na anachouliza akiwa amekaa chooni.

Andika kwa mtoto mmoja mwenye jina

"Watoto wa Afrika" hawapo chumbani kwako. Beatrix Potter wa Uingereza hakuwa akiwaandikia watoto wa dunia tarehe 4 Septemba 1893. Alikuwa akimwandikia barua Noel Moore, mtoto mgonjwa wa aliyekuwa mwalimu wake wa nyumbani. Hakuwa na habari ya kumpa, akamsimulia sungura wanne wadogo na kuwachora pembeni. Miaka ikapita, akaomba barua irudi, akaikuza. Wachapishaji wakakataa, naye mwaka 1901 akajichapishia nakala 250. Mwaka uliofuata kampuni ya Frederick Warne ikaichukua. Nimesema Sungura apewe likizo, najua. Huyu alikuwa sungura wa mtu mmoja aliyelala kitandani.

Ila mtoto uliyemwandikia asiwe ndiye hakimu. Wanao watacheka kwa sababu ni wewe unayesoma, tena wanajua chakula cha usiku kinatoka wapi. Soma kwa watoto wasiokujua, na uangalie miili yao, usisikilize midomo. Ukurasa ambao mmoja anageuka kutazama mpira nje ndio ukurasa mbovu.

Bandika ukutani, acha ikae

Ezra Jack Keats, mchoraji wa Marekani, alikata picha nne za mvulana mdogo Mweusi kutoka jarida la Life la mwaka 1940. Akazibandika karibu na anapofanyia kazi. Alikuwa akichora vitabu vya watu wengine, akigundua kwamba mtoto kama yule hayumo. The Snowy Day kilitoka mwaka 1962: mvulana wa Brooklyn, koti jekundu, theluji mpya, basi. (Theluji ile ilikuwa yake, ilianguka mtaani kwake.) Mwaka uliofuata kikapata nishani ya Caldecott, tuzo ya Marekani ya vitabu vya picha. Picha zilikaa naye zaidi ya miaka ishirini. Nawe unalalamika kwamba wazo la Jumapili halijaiva Jumatano.

Kwa hiyo usiweke mawazo kwenye simu tu, kule yanakozikwa chini ya picha za harusi. Chapisha, kata, bandika. Kitu kinachokutazama kila siku bila kukuchosha kinastahili kurasa 32.

Soma kilichokwisha kuandikwa mtaani

Mtoto anayeanza kusoma hasomi vitabu kwanza. Anasoma mgongo wa bajaji, kibao cha kinyozi, mfuko wa unga, na kanga ya mama. Sijui kwa nini waandishi wetu wanaipita kanga kila siku bila kugeuka. Ina pindo linalozunguka kama fremu, ina mji katikati, ina jina lililoandikwa chini, tena inauzwa doti, mbili zinazofanana. Hicho karibu ni kitabu tayari. Fikiria msichana aliyejifunza kusoma wiki hii, yuko harusini, anasoma kwa sauti kanga ya kila mama anayepita. Nyingine ni fumbo la kumchokoza jirani, na jirani yupo. Ukumbi unanyamaza. Kila kurasa mbili zinazungukwa na pindo lake. Ila tahadhari: usiigeuze kuwa darasa la methali. Msichana haelewi nusu ya anayoyasoma, na hapo ndipo penye kicheko.

Usimkinge mtoto na kila kitu

Giza, kupotea sokoni, mama aliyelazwa, rafiki aliyehama bila kuaga: haya ni mambo yao. Kuna moja ambalo sijaliona likiandikwa inavyostahili. Mbuzi analetwa nyumbani kabla ya Idi ya kuchinja. Mtoto anapewa kazi ya kumlisha. Anampa jina, ingawa bibi alimkataza kumpa jina. Siku zinahesabika, na watu wazima wanazihesabu kwa furaha.

Mwandishi mwoga atamfungulia mbuzi usiku, akimbilie porini, mwisho wenye tabasamu. Huo ni uongo na mtoto wa Tandika anajua. Mwandishi mwingine atamletea sheikh aeleze kwa kurasa nne. Wote wawili wamekimbia. Nyama inagawiwa, sehemu inakwenda kwa jirani asiye na kitu, mtoto anatumwa kupeleka sahani akiwa na kamba ya mbuzi bado mfukoni. Anafanya nini na ile kamba? Anayejua jibu aandike kitabu hicho, nitakinunua.

Mtu mzima asikae kwenye nafasi ya mwisho

Babu mwenye hekima, mwalimu mpole, mganga, ndege anayeongea: wote waruhusiwe kuingia, wasiruhusiwe kutatua. Tatizo likimalizwa na mkubwa, mtoto amekuwa mtazamaji wa kitabu chake mwenyewe.

Kuna msomaji atakayenikumbusha baba wa Saruni. Ni kweli. Saruni anapeleka sarafu zake kwa muuza baiskeli, anachekwa, hazikaribii. Baadaye baba ananunua pikipiki, anamuuzia mwanawe baiskeli ya zamani kwa sarafu hizohizo, na fedha zenyewe zinarudishwa. Lakini kabla ya hapo mvulana amefanya kazi, amejifunza kuendesha baiskeli inayomzidi kimo, amekwenda mwenyewe kununua, ameaibika mbele za watu. Mkubwa anaingia baada ya mdogo kumaliza uwezo wake wote. Na sarafu zikirudi Saruni hatulii: anaanza kuwazia mkokoteni wa kufunga nyuma ya baiskeli. Hadithi imerudi mikononi mwa mwenyewe.

Usibadilishe kiwavi kuwa jongoo

Kubadilisha mdudu na matunda hakukifanyi kitabu cha mtu kiwe chako. Maembe badala ya matufaha ni wizi ulioiva.

Usiiombe programu ya kompyuta ikupe wazo

Itakupa tembo mdogo aliyejiona tofauti na wenzake, kisha siku moja tofauti yake ikawaokoa wote. Kila atakayeomba atapewa huyohuyo, pengine akiwa twiga.

Usipeleke wazo kwa mhariri

Peleka kile kijitabu ulichokikunja, pamoja na maneno yaliyopigwa chapa kwenye karatasi tofauti, yamegawanywa ukurasa kwa ukurasa. Usimlete shemeji yako anayechora vizuri, labda kama anaishi kwa kazi hiyo. Usieleze kila picha pembeni, kwamba Juma amevaa shati jekundu, amekunja uso kidogo, na nyuma yake kuna mwembe. Mchoraji akipewa maagizo hayo anageuka mpaka rangi wa geti lako. Eleza picha pale tu maneno yanaposema jambo moja na picha inatakiwa kusema jingine: maneno yanasema mtoto amelala, picha inaonyesha macho mawili yaliyo wazi chini ya shuka.

Barua ya utangulizi isizidi nusu ukurasa. Usitaje funzo. Usiandike kwamba wanao wamekipenda sana.